Mistari Mitatu Nyuma ya Kadi

Kuna watu wanaolamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Nimewaona kwa miaka ishirini na sita katika chumba cha utafiti wa elimu, hapa kwenye maktaba ya chuo, na sijawazoea. Kuna wanaokata kurasa kwa wembe kisha wakatoka wananisalimia kwa adabu zote. Lakini wanaonitia kinyaa kuliko wote ni wale wasiofungua kitabu kabisa, halafu wanakitaja kwenye marejeleo yao bila haya wala soni.

Ndiyo maana yule mwalimu alinipendeza. Alikuja Jumatatu asubuhi, mkono wa koti lake una vumbi la chaki. Alikuwa anafundisha shule ya msingi na kusomea shahada ya pili kwa wakati mmoja.

"Mama, samahani. Tasnifu hii kwenye kompyuta ipo, kwenye rafu haipo."

"Unaitakia nini?"

"Nataka ukurasa tu. Ukurasa mmoja."

Nikamvutia kiti. Utafiti wake ulihusu watoto wanaorudishwa darasa. Alikuwa naye mmoja, binti wa miaka kumi na mitano, anarudia darasa la nne kwa mara ya tatu. Binti anakaa upande upande kwa sababu magoti hayaingii chini ya dawati, na wenzake wa miaka kumi wanamwita bibi. Muhula ujao mwalimu mkuu alitaka arudie tena. Kila mara mwalimu huyu alipolalamika, aliambiwa utafiti umeshathibitisha kwamba kurudia kunasaidia, na utafiti wenyewe ndio hiyo tasnifu, ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha. Msimamizi wake chuoni naye alimwandikia kwa wino mwekundu: *Unapingana na jambo linalojulikana. Lete ukurasa unaokuunga mkono, au futa sura ya nne.* Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

"Na ukifuta sura ya nne kinabaki nini?"

"Jalada," akasema.

Tulianza na waliowahi kuitaja tasnifu hiyo. Tukapata kazi saba, mojawapo ikiwa kitabu cha huyo huyo msimamizi, tukazipanga mezani. Zote zilikuwa na sentensi moja: *Mwanafunzi anayerudia darasa hunufaika kwa kiwango cha kuridhisha kimasomo na kitabia.* Hakuna aliyebadilisha hata neno. Mmoja alisema iko ukurasa wa 45, mwingine ukurasa wa 112, wengine hawakujisumbua kutaja. Msimamizi alisema 45.

Nilichefuka. Nikaisogeza chai yangu mbali.

"Watu wazima," nikasema, "wana vyeti ukutani, wanatafuna alichotema mwenzao."

"Mama, utanitapisha."

"Tapika, mwanangu. Wao hawatapiki, matumbo yao yameshazoea."

Akacheka, nami nikapata nguvu ya kuendelea kutukana. Nilitukana kutwa nzima.

Tasnifu yenyewe tuliipata Jumatano, kwenye stoo ya chini, nyuma ya mafurushi ya mitihani ya zamani. Ilinuka ukungu. Kwenye jalada la nyuma kulikuwa na ile karatasi tunayoigongea tarehe mtu anapoazima. Haikuwa na muhuri hata mmoja. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, tukawa tunazibandua kwa rula, moja moja, mimi nimefunga kitambaa puani.

Ukurasa wa 45 ulikuwa ramani ya shule zilizochunguzwa. Ukurasa wa 112 haukuwepo, maana tasnifu yote iliishia 98.

"Ukurasa wa 91," akasema mwalimu. Mtafiti aliwafuatilia wanafunzi mia mbili na kumi na wawili kwa miaka minne. Waliorudishwa hawakufanya vizuri kuliko wenzao waliopandishwa, na zaidi ya nusu yao waliacha shule. Alisoma mara mbili kwa sauti. "Mama, ni kinyume. Kinyume kabisa!"

Nilifurahi kwa ubaya, siwezi kuficha. Nilijiona tayari nikiwaanika wote saba, msimamizi akiwa wa kwanza kwenye kamba.

"Namtaka yule aliyeanza," nikasema. "Waliofuata ni wavivu. Aliyeanza ndiye mchafu. Huyo nataka kumtazama usoni."

Mwalimu alikuwa anarudi nyuma kwenye tasnifu, ukurasa kwa ukurasa. Akasimama kwenye wa sita. Hapo mtafiti alieleza anachodhania kabla hajaenda kupima: *Inadhaniwa kwamba mwanafunzi anayerudia darasa hunufaika kwa kiwango cha kuridhisha.*

"Kumbe mtu alisoma mwanzo akaishia hapo," akasema. "Akachukua dhana akaiita matokeo. Lakini haya maneno 'kimasomo na kitabia' siyaoni popote. Kaongeza mwenyewe." Akaivuta ile kazi iliyo kongwe kuliko zote saba. "Huyu wa kwanza aliandika zamani. Kompyuta zilikuwepo wakati ule?"

"Hazikuwepo. Tulikuwa na kadi."

Nilijibu kabla sijafikiri. Nilipofikiri, nikainuka.

Kabati la kadi bado lipo kwenye korido, tumeliwekea maboksi ya karatasi za mashine juu. Niliivuta droo mwenyewe. Kadi ilikuwa mahali pake. Mbele, jina la kazi na namba ya rafu kwa taipureta. Nyuma, muhtasari wa mistari mitatu kwa wino wa bluu: *Mwanafunzi anayerudia darasa hunufaika kwa kiwango cha kuridhisha kimasomo na kitabia.* Na pembeni, kama kanuni ilivyotaka, herufi za mwanzo za jina la aliyeandika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkuu wetu alitupa kila mmoja tasnifu arobaini kwa siku tuziandikie muhtasari. "Someni sura ya mwisho," alisema. Arobaini! Mimi nilisoma kurasa za mwanzo kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na jalada. Muhtasari ulitakiwa ufike mistari mitatu, ukipungua ulirudishwa. Wa kwangu ulipungukiwa maneno mawili matatu, nikayatafuta. Kompyuta zilipokuja, kadi zilichapwa kama zilivyo.

Mwalimu aliziangalia zile herufi. Kisha akakiangalia kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwangu. Afadhali angenitukana. Mate yalinijaa mdomoni, machungu. Koti langu la kazi lina mifuko mipana, na kadi ni kitu kidogo sana.

"Mama," akasema taratibu, "tunaweza kuandika tu kwamba kadi ilikosewa."

"Yule binti yako ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

Kadi ilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeshamrudisha darasa kabla hajazaliwa.

"Kadi haijiandiki," nikasema. Nikarudi mezani, nikaandika barua ya maktaba: tasnifu inasema nini, ukurasa gani, na uongo ulianzia wapi. Nikagonga muhuri. Kwa tanbihi yake aliniuliza jina kamili, nikamtajia herufi kwa herufi asije akalikosea.

"Na ukurasa?"

"Hakuna. Andika: nyuma ya kadi, mstari wa kwanza hadi wa tatu."

Ijumaa alinipigia simu. Sura ya nne imepita. Msimamizi aliisoma barua, akakohoa, akaomba kitu kimoja tu, kwamba kitabu chake kisitajwe miongoni mwa zile kazi saba. Mwalimu alikataa. Nakala ya barua aliipeleka kwa mwalimu mkuu, akakaa mbele yake mpaka alipoimaliza. Binti anapanda la tano.

"Asante sana, mama," akasema, na alimaanisha.

Nilipokata simu nilikwenda kwenye korido, nikaondoa maboksi juu ya kabati. Arobaini kwa siku, mwaka mzima. Nikaivuta droo ya kwanza, nikatoa kadi ya kwanza, nikaigeuza. Ilikuwa na mistari mitatu iliyojaa vizuri, na herufi zangu pembeni. Nikaigeuza inayofuata. Nayo ilikuwa yangu.