Keki ya Unga wa Bengamisa

Orpha hakuwa mtu wa kushindwa na jiko. Mayai yakikosekana, aliponda ndizi mbivu. Siagi ikikosekana, alichemsha mawese mpaka wekundu wote ukatoka. Na kusema kweli, alipenda vitu vikosekane, ili apate kusifiwa. Wanawake wa mtaa wao wa Mangobo walimcheka, kisha walikuja mmoja mmoja kumuuliza alifanyaje.

Basi Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti yake Lucie, unga wa ngano ulipofika vikombe viwili tu badala ya vitano, hakubabaika. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa unga wa muhogo. Mama mkwe wake, Mama Félicité, aliukabidhi kwa Médard, mume wa Orpha, alipopita kijijini Bengamisa juzi. Orpha akachota vikombe vitatu, akakoroga, akaonja. Palikuwa na uchungu kwa mbali. Akaongeza sukari, akaiweka sufuria juu ya mchanga wa moto na makaa juu ya kifuniko.

Lucie hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana jioni, kwa heshima ya komunyo. Alirudi kanisani na gauni lake jeupe, akala vipande vitatu, na mama yake akamwacha ale. Kisha Orpha akaweka vipande viwili kwenye sahani akavipeleka mwenyewe mlango wa pili, kwa Aimée.

Haikuwa sahani ya hivihivi. Miaka miwili iliyopita Aimée alizika mtoto, na nabii mmoja akamwambia kwamba aliyemla kwa uchawi ni jirani anayependa kulisha watoto wa wenzake. Hakutaja jina, wala hakuwa na haja. Tangu hapo Aimée hakupokea hata chumvi kutoka mkononi mwa Orpha. Leo alipokea.

"Aksanti, Mama Lucie. Jephté atakula," alisema, na mwanawe wa miaka mitatu ameng'ang'ania nguo yake.

Orpha alirudi nyumbani moyo mweupe. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mama Félicité.

"Bokilo, mukwe wangu, ile unga, Médard alikuambia namna ya kuifanya, hein?"

"Namna gani, mama?"

"Iko ya mihogo ya bololo, ile ya uchungu! Nililoweka usiku moja tu, juu ya haraka, camion ya mizigo ilikuwa inaondoka. Nilimuambia Médard: mutie maji, mukande, muanike ku jua mpaka mangaribi, ndipo mupike. Hakukuambia?"

Médard hakuwa amemwambia neno. Alikuwa Lubunga tangu asubuhi, ng'ambo ya mto, na mdomo wake uliosahau.

Orpha alijua, kama ajuavyo kila mwanamke aliyekulia karibu na shamba, kwamba muhogo wa aina hiyo usipokaa majini siku tatu unaua. Akakata simu. Akaingia chumbani. Lucie alikuwa amelala juu ya mkeka na gauni lake, saa tisa mchana, mtoto asiyelala mchana kamwe.

"Mama, kichwa," akasema, akatapika.

Orpha akambeba, akatoka mbio hadi barabarani, akasimamisha pikipiki. Alikuwa ameshapanda alipouona mlango wa Aimée. Hofu mbili zikamjia kwa pamoja. Akipita kimya, Jephté atakufa. Akisema, amejihukumu mwenyewe: mtaa mzima utasikia kwamba chakula cha Orpha kina sumu, na hakuna atakayeuliza habari za muhogo. Alitamani kupita. Alitamani sana, naye baadaye hakujidanganya juu ya hilo.

"Simama!" akamwambia dereva.

Akaingia uani akipiga kelele, Lucie begani. "Mama Jephté! Usimupe mutoto ile gato, ile keki! Iko na sumu! Unga haikulowekwa muzuri! Kama alikula, umulete, tuende ku lopitalo sasa hivi!"

Majirani wakatokeza juu ya kuta. Jephté alikuwa akicheza na kifuniko cha chupa, mzima kabisa. Aimée akamvuta mtoto nyuma yake.

"Hakukula," akasema. "Niliitupa ku choo, palepale ulipogeuka. Vyako, mie siwezi kumupa mutoto."

Orpha alihisi furaha, halafu kitu kama kofi. Hapakuwa na nafasi ya kulia. Akarudi kwenye pikipiki, na nyuma yake akasikia sauti ya mwanamke, hakujua ya nani: "Mumesikia? Amesema kwa kinywa yake mwenyewe."

Hospitalini walimtia Lucie dripu na dawa. Jioni muuguzi akasema mtoto amefika mapema, atapona. Orpha alishika miguu ile midogo akaibusu.

Médard, aliyekuwa amesharudi nyumbani kutoka Lubunga, akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Orpha, watu wamejaa ku mulango. Wanakuita muchawi, wako na mafuta ya petroli. Nawaambia ni mie nilisahau, hawataki kusikia. Usirudi."

Lucie akafumbua macho, akaomba maji. Alikunywa yote.

"Mama, tutarudi nyumbani saa ngapi?"

Orpha akampangusa mdomo, akampangusa tena.