Mafundi Walio Tumboni mwa Mama

Nahesabu matone ya dripu ya Mama, mzunguko wa nne wa dawa, na gauni lake liko mapajani mwangu, nalipunguza kiunoni kwa mara ya tatu, na kabla sijafunga fundo jicho langu linazama pamoja na tone na ninateremka nalo ndani ya mrija. Asubuhi daktari ameniambia kwamba dawa inakata vinasaba vya uvimbe, ila uvimbe una protini zake, kama mafundi, zinaunga kila kinachokatwa. Basi natokea katika mji wao. Barabara hazina mwisho, kila moja ni nyuzi mbili zilizosokotana, na kila nyumba inaitazama iliyo mfano wake, kama kwenye kioo. Dawa inanyesha. Inapodondoka barabara inakatika, nami nashangilia, lakini mafundi wamekwisha kufika, hawana nyuso, wana mikono tu, wanaitazama nyumba ya ng'ambo na kuiunga ya huku. Shikamooni, nasema. Marahaba, binti wa fundi. Acheni, nawasihi, huu si mji, huu ni ugonjwa, utamuua Mama. Mmoja anacheka. Sisi hatuulizi nguo ni ya nani, tunaona palipochanika tu. Wewe ukiambiwa usishone, mkono wako utasikia? Nani kawafundisha? nauliza. Aliyekufundisha wewe. Nainama. Ni mshono wa Mama kweli, ule unaorudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, aliokuwa akinifumulia mpaka niupatie, kule kwenye kibanda chetu cha kushonea Urambo. Natafuta mkasi, nakata. Wanaunga. Nakata tena, wananiambia pole na kazi, binti, na wanaunga, na mji unazidi kutanuka, na matone yanapungua juu. Nalia, na katika kulia mkono wangu wenyewe umeshika sindano, kwa kuwa mbele yangu pamechanika, nami tangu utoto sijui kupaona palipochanika nikapaacha.

Nyamizi, umelala na sindano mkononi, utajichoma mwanangu.

Ni sauti ya Mama. Nafumbua macho. Gauni liko mapajani, kiuno kimekwisha, fundo limefungwa. Gauni hili tulimzika nalo Mama mwezi wa nane. Nalipapasa, lina joto la mtu aliyelivua sasa hivi. Sijui niko upande upi wa usingizi. Abee, Mama, naitika, na natega sikio aseme tena.