Digadi la Kijivu

Leonard Wasik alizikwa mwezi wa pili, ardhi ya mji wa Flint, Marekani, ikiwa bado ngumu kama chuma kwa baridi. Mkewe, Maureen, alirudi nyumbani akala pai walizoleta majirani siku nne, kisha majirani wakarudi kwenye mambo yao.

Mwezi wa nne akanunua boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha kigari: Chevelle ya mwaka 1970, ndogo ya kutosha kukaa kiganjani. Leonard alikuwa na gari lenyewe hasa walipokuwa wachumba. Maureen alitaka liwe lile lile, si Chevelle ya mtu mwingine. Akakata, akapiga msasa, akabandika viti kwa kibano. Vyote vikakubali, isipokuwa rangi. Picha zao zilikuwa zimeharibika maji yalipojaa chumba cha chini. Alijaribu kijani cha aina tatu, akazifuta zote.

Akampigia bintiye huko Arizona.

"Tracy, lile gari la baba yako lilikuwa kijani gani?"

"Mama, liliuzwa hata sijazaliwa. Mbona hutoki ukaonana na watu?"

Aliyebaki wa kuulizwa ni Clete Hannigan, aliyefanya kazi na Leonard kiwandani na kusimamia harusi yao. Sasa alikuwa kwenye nyumba ya wazee. Maureen alimkuta dirishani, kanyolewa vizuri, kavaa sweta. Akamuuliza.

"Kijani?" Clete akacheka. "Penye jua, sawa. Mvua ikinyesha lilikuwa jeusi, bibie. Na digadi la mbele kushoto lilikuwa la kijivu. Jamaa aligonga nguzo, akapaka rangi ya kwanza tu, ile ya kutangulizia, basi, akaliacha hivyo hivyo. Mvivu yule."

Maureen alikaa kwenye kitanda cha Clete. Alikuwa amelisahau kabisa lile digadi, bati la juu ya gurudumu. Kila Jumamosi Leonard aliapa atalimalizia, na kila Jumamosi yeye alimgombeza.

"Ulimcheka sana kwa hilo, shemeji."

"Nilimcheka nani?"

"Leonard. Mwenye gari."

Clete akatikisa kichwa. "Gari nalikumbuka. Mwenyewe ndiye nisiyemkumbuka."

"Na mimi je?"

Akamtazama kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgeni. "Si wewe unayeleta chakula?"

Maureen akamwambia hapana, akamfunika miguu kwa blanketi, akaondoka. Ndani ya gari alishika usukani kitambo kirefu bila kuwasha injini. Duniani kote, sasa yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimjua kijana yule mvivu.

Alichanganya kijani na tone la rangi nyeusi hadi kikakubali, akapaka digadi la kushoto kijivu, bila kung'arisha. Alhamisi akalipeleka kwa Clete. Clete aligeuza kigari polepole, akapitisha kidole penye kijivu, akatabasamu.

"Ndilo lenyewe. Lilikuwa la nani hili?"

"La Leonard. Alikuwa akiimba akiendesha, na hakujua kuimba."

"Ulimfahamu?"

"Miaka arobaini na tisa."

"Basi nisimulie," Clete alisema. "Mimi sina haraka."

Akamsimulia mpaka chai ikaletwa. Alhamisi iliyofuata Clete aliuliza tena ni la nani, na Maureen akavuta kiti, akaanza upya, safari hii akaongeza na ile siku Leonard alipogonga nguzo.