Ushuhuda Haulazwi

Daktari Abdulghani aliniambia mapema, kabla sijalala kifudifudi kwenye kile kitanda chembamba. Sitamsingizia.

"Bibi, sindano hii ina dawa mbili," alisema. "Ya kwanza ni ganzi. Hiyo itakupumzisha leo, lakini inadanganya, ikiisha maumivu hurudi. Ya pili ndiyo ya kupunguza uvimbe pale mshipa wa fahamu ulipobanwa. Hiyo haina haraka. Siku tatu, wiki, hata wiki mbili. Na wako watu isiowafaa kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Basi leo usijihesabu umepona."

Kisha akachukua kijiti akawa ananichoma nyayo na vidole. Wasikia hapa? Nasikia. Na hapa? Nasikia.

"Alhamdulillahi, mguu ungali hai. Siku utakayotembea ndara ikakutoka usijue, au mkojo ukakushinda, usingoje tarehe yangu. Njoo siku hiyo hiyo hata kwa kubebwa. Hapo tutakuwa twaokoa mguu, si kupunguza maumivu."

Miezi saba nilikuwa nimeishi na ule moto. Waanza kiunoni, washuka takoni, wapita nyuma ya paja na kigimbi mpaka kwenye kidole gumba, kama mtu amekupitishia waya wa stima ndani ya mfupa. Nikikaa wawaka, nikilala wawaka. Watu wa Ziwa la Ng'ombe tulioubeba mji kichwani kwa mitungi ya maji twajuana kwa viuno. Mwenzangu wa mitungi alikuwa Dhahabu. Tulianza kubeba pamoja tukiwa wasichana wabichi, na tukavunjika mwaka mmoja. Daktari alitupa tarehe sote wawili. Yangu ilikuwa Jumatano. Yake ilikuwa Ijumaa, wiki mbili na siku mbili baada yangu.

Walinidunga wakitazama mashine ya picha. Nilisikia kitu kinajaa mgongoni, kizito, kama unga unaposhindiliwa kirobani, mpaka nikauma shuka. Halafu mguu ukanyamaza. Nilikuwa nimesahau mguu ulionyamaza ukoje. Nililia, na nesi akadhani ameniumiza.

Binti yangu Roseline alinirudisha nyumbani kwa tuktuk. Na siku hiyo, kwa bahati nisiyojua niiite njema au mbaya, maombi ya akina mama wa kanisa letu yalikuwa kwangu.

Kanisani kwetu ushuhuda haulazwi. Alilokutendea Mungu leo lisemwe leo, ukilala nalo adui huliiba. Na aliyepona hutoa kitu cha ugonjwa wake kikatundikwa ukuta wa mbele, pale nyuma ya mimbari. Kuna magongo mawili, kuna mkanda wa shingo, kuna miwani. Kitu hicho hakishuki tena. Kukishusha ni kwenda kuudai ugonjwa wako.

Wakaingia, wakanikuta nimesimama nachambua mbaazi, mkongojo uko pembeni. Mama Mchungaji, Mwende, mtu wa Machakos mwenye moyo mweupe na sauti ya kipaza, akaweka mkono kifuani.

"Mama Roseline! Ni wewe umesimama hivyo?"

Neno ganzi lilikuwa ulimini. Nalikumbuka vizuri, lilikuwa hapa. Lakini miezi saba nilikuwa sijatazamwa kwa uso kama ule, nilikuwa natazamwa kwa huruma tu.

"Bwana amenitendea," nikasema.

Jamani, vigelegele! Nikacheza, mie, bibi wa wajukuu sita. Nikazunguka uani mpaka jirani yetu Mwislamu akachungulia juu ya ukuta, akasema, "Mashallah, Mama Roseline, usije ukavunjika cha pili." Tukacheka. Mwende akauchukua mkongojo wangu, wa mwarobaini, alionichongea marehemu mume wangu Charo, akauinua juu. Nami nikamwachia.

Dhahabu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Aliuliza polepole, "Na ile sindano?"

"Sindano ni nini?" Mwende alimjibu. "Wangapi wamedungwa wakarudi vile vile? Mkono wa Bwana ndio huu unauona!"

Dhahabu akanitazama mimi, si Mwende. Nami nikatazama mbaazi.

Alfajiri moto ukarudi, wote, haukubakisha hata kidole.

"Mama, daktari si alisema?" Roseline aliniambia huku akinisugua.

"Alisema."

"Basi tungoje hizo wiki mbili."

Tukangoja. Siku ya tatu, hamna. Wiki, hamna. Nyumbani nilitembea kwa kushika ukuta. Njiani nilimshika Roseline mkono tukichekacheka, watu waone ni mama na mwanawe wanapendana. Wiki ya pili ikaisha. Mimi nilikuwa mmoja wa wale isiowafaa kitu.

Siku moja kabla ya zamu ya Dhahabu nikasikia ndara zinaburuta mlangoni.

"Hodi humu, mcheza ngoma!"

"Karibu, shoga yangu. Kesho nikusindikize?"

"Wapi?" Akajishusha kwenye kigoda, akishika mkongojo wake kwa mikono miwili. "Nimewapigia hospitali, nimewaambia nafasi yangu apewe mwingine. Jumapili natoa mkongojo. Nimefunga siku tano."

Nikamgeukia.

"Dhahabu, sikupona."

Akatabasamu.

"Wallahi sikupona," nikasema, mimi Mkristo. "Ilikuwa ganzi. Daktari alinambia ganzi, nikaipeleka kwa Mungu kama ushuhuda. Tazama." Nikajaribu kuinuka bila kushika kitu, nikashindwa, nikarudi kitini.

Nilidhani atanitukana. Ningefurahi. Badala yake alinisogelea akanishika shavu.

"Pole, dada. Hilo si lako. Ni adui amekurudia umkane Bwana. Mimi nilikuona kwa macho yangu haya umecheza."

"Uliona dawa!"

"Nilikuona wewe."

"Basi nenda kesho tu, halafu Jumapili utoe. Mungu atakukataza sindano?"

"Nikienda nitakuwa nimeshaonyesha sina imani. Wewe ulikwenda, ukaamini kidogo na sindano kidogo. Pengine ndiyo sababu umerudiwa."

Nikamtazama akiondoka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukipiga chini kama kitambaa kilicholowa. Ijumaa ikapita.

Jumapili nilifika mapema, nikamkuta Mwende anapanga viti. Nikamwambia yote, na kwamba nataka mkongojo wangu ushushwe mbele ya watu ili Dhahabu aone. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia.

"Mama, unajua unaomba nini?" akasema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Shindana na huyo adui. Usimpe mdomo wako." Akaniketisha safu ya mbele kwa mikono yake mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto. Nami nimeketi hapo, ukuta uko mbele yangu, mkongojo wa Charo unaning'inia kwenye msumari. Hatua sita, nisingeweza kuzitembea.

Wakati wa shuhuda Dhahabu aliitwa. Akaja akiwa amevaa gauni lake la harusi ya mwanawe. Akatoa mkongojo, ukapachikwa kando ya wangu. Kanisa likalipuka. Akageuka kurudi kitini mwake, mikono juu, uso umejaa nuru, na mimi nikatazama chini.

Ndara ya mguu wa kushoto ilikuwa imebaki pale mbele ya mimbari.

Yeye alikuwa ameshakwenda hatua tatu. Mguu mtupu kwenye sementi ya baridi, unyayo unaburuta, na hajui. Nikamwona akikanyaga kizibo cha soda, kile chenye meno. Hakuruka.

"Dhahabu!" nikapiga kelele. "Dhahabu, ndara! Huusikii huo mguu! Mpelekeni hospitali!"

Lakini ngoma zilikuwa zimeanza. Mwende aliona mdomo wangu umefunguka na mikono yangu iko hewani, akaninyooshea kidole, akacheka kwa furaha kwenye kipaza sauti. "Mwaona? Mama Roseline naye! Cheza, mama!"

Wote wakanigeukia wakipiga makofi. Dhahabu pia akageuka, akiwa ameshika mgongo wa kiti, akanipungia.

Nikakishika kiti, nikajisukuma kwa meno na kwa kucha mpaka nikasimama. Ndara ilikuwa karibu, mkono mmoja tu. Nilitaka niinue niwaonyeshe wote, nimwonyeshe yeye. Nikainama, moto ukanikata katikati, na hapo nikabaki, sishuki wala sipandi, mikono inatapatapa juu ya ile ndara. Na wao wakazidi kunipigia makofi, wakidhani nacheza.