Mtu wa Kuja Naye

Kazi yangu hapa maabara ni kuosha vyombo. Naviosha, navisuuza, navipanga vikauke, basi.

Kwenye kabati la joto kuna kisahani chenye seli za ngozi ya mama. Mama mwenyewe tulishamzika, mikono yake ikiwa imecheza kwa miaka mingi ngoma asiyoisikia, hata kijiko hakishikiki. Seli zake bado zinakua. Daktari anayeutafiti ugonjwa huu wa ukoo wetu aliwahi kuniita nizichungulie kwa hadubini. Akanieleza kuwa kuna protini ambayo kwetu hutoka ndefu kupita kiasi, ikajikunja vibaya, ikashikana madonge kama unga uliokorogwa na mvivu, na ubongo ukaanza kufa polepole. Mtoto wa mwenye nayo ni pata potea: huenda karithi, huenda kaponea.

Juzi niliangusha chupa. Siku zote Kipara, fundi wa mashine, huniuliza kama chupa nazifundisha kuruka. Safari hii hakunitania. Wote waliacha kazi, wakaitazama mikono yangu. Na mimi nikaitazama.

Daktari akasema kipimo kipo, nikitaka. Nikasema nataka. Ila utaratibu wao, majibu hapewi mtu aliyekuja peke yake. Sharti aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Nikampigia dada. Akasema jambo hilo hataki hata kulisikia, na tangu hapo simu zangu hapokei. Baba naye alituhama mama alipoanza kuangukaanguka.

Nikamuuliza Daktari, nusu utani, kama naweza kuja na mama, maana si yumo kabatini?

"Awe mtu wa kukushika mkono, binti," akasema. Hakucheka.

Nikarudi kwenye sinki. Sasa kila chupa naishika kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Leo Kipara alipita na bisibisi yake, akaona, akainamisha kichwa.

"Kaka, mbona siku hizi hunitanii?"

Akajipapasa upara. "Naogopa, dada'angu."

"Hata mimi. Basi Jumatatu nisindikize kwa Daktari, tukaogope pamoja."

Maji yakajaa sinki, yakaanza kumwagika, ndipo akanyoosha mkono akafunga bomba.

"Saa ngapi?" akauliza. Kisha akaitazama chupa niliyoikumbatia. "Na hiyo usije nayo."