Mkojo Uliolala Mezani

Mpimaji wa maabara hakutaka kukaa. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka wodi ya watoto kama kuku anayetafuta pa kutagia, kichupa mkononi, kijikaratasi cha kupimia mfukoni. Mtoto wa mdogo wake, wa siku nne tu, alikuwa ameanza degedege, vilevile kama kaka yake aliyezikwa mwaka juzi.

"Dada, tulia basi. Unanizidishia wasiwasi," mdogo wake alimwambia.

"Situlii mpaka akojoe."

Atuliaje? Juzi, akiandaa somo la wanafunzi, alisoma jambo lililomkata maini. Ndani ya seli, vimeng'enya hupokezana kazi: cha kwanza husuka kiunzi, cha pili hukipachika salfa, cha mwisho hukalisha humo chembe ya molibdeni, madini tunayoyala kwenye maharage bila kuyajua jina. Cha kwanza kikikosekana, madini yapo ila hayana pa kukaa, na sumu iitwayo salfaiti, ambayo madini hayo husaidia kuiondoa, hujaa na kuharibu ubongo. Hayo aliyajua zamani. Asilolijua ni kwamba salfaiti hupotea mkojo ukikaa. Hupimwa papo hapo, ungali na joto.

Mkojo wa yule mtoto wa kwanza ulilala mezani kwake kutwa nzima. Aliwatanguliza wagonjwa wote, asije akasemwa anapendelea ndugu. Jioni akaandika kwa mwandiko wake mzuri: salfaiti hakuna. Haki gani hiyo, jamani.

Mtoto akakojoa. Mpimaji akachovya kijikaratasi palepale kitandani. Kikawa chekundu: salfaiti ipo.

Daktari alikitazama mara moja tu. "Dawa yake ni kile kiunzi chenyewe, kimetengenezwa tayari. Tunampa kwa mshipa. Tukianza leo, ana nafasi nzuri. Naipigia simu bohari ya dawa." Akatoka mbio.

Mdogo mtu alimkumbatia dada yake, akalia kwa faraja. Kisha kilio kikakatika.

"Na mwaka juzi dawa hii ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Si ulimpima wewe? Uliniambia hana kitu."

Angeweza kusema karatasi zilikuwa mbovu, nani angebisha?

"Mkojo wake niliuacha ukangoja, mdogo wangu, nikatanguliza wa wengine. Kutwa nzima. Ndiyo maana sikuona kitu."

Mdogo wake akaondoa mikono yake mabegani pa dada, akaiweka juu ya mtoto.

"Nenda kaifuate dawa," alisema bila kumtazama. "Na usimpishe mtu."