Pezi la Tatu

Fundi saa hakuwa na ugomvi na roketi. Ugomvi wake ulikuwa na mwanawe wa kwanza, yule aliyembandika jina la Meneja tangu apewe ofisi yenye kiyoyozi na watu wanane wa kuwaamrisha. Na ugomvi wenyewe ulianza Ijumaa saa tano asubuhi, mzee aliporudi kutoka kliniki alikopimwa macho, akakuta kazi yake imemalizwa.

Imemalizwa! Neno hilo peke yake lilitosha kumpandisha damu kichwani.

Lakini turudi nyuma kidogo. Wiki tatu kabla ya hapo, mzee alimrudishia mteja saa ya mkononi ambayo haina mshale wa sekunde. Mshale ulibaki mezani, umejificha chini ya kibano. Kwa miaka arobaini na mitatu hakuwahi kufanya kosa la namna hiyo, ila nani anaihesabu miaka arobaini na mitatu? Mteja alimpigia simu binti yake mzee, muuguzi, na jioni ileile watoto wakakaa kikao bila baba yao. Wakakata shauri kwamba chumba cha kazi kifungwe. Meza, taa ya shingo ndefu, droo thelathini za vipuri, vyote viondoke, na baba ahamie kwa binti akapumzike.

"Nipumzike nimechoshwa na nini?" mzee aliuliza.

"Baba, mikono inatetemeka," binti akasema. "Naiona mikono ya hivyo kila siku wodini."

Mzee hakukataa kwamba inatetemeka. Alichosema ni kwamba ikishaikaribia kazi inatulia. Walibishana wiki nzima mpaka binti, ambaye hapendi kumwonea mtu, akaja na boksi. Ndani mlikuwa na roketi ya kuunga mwenyewe: bomba la karatasi ngumu, mapezi matatu ya mbao nyepesi kama biskuti, pua ya plastiki, parachuti, injini mbili za baruti zisizozidi kidole, na kijitabu cha maelekezo chenye maandishi madogo ya kumtoa mtu machozi.

"Ijenge peke yako," akasema. "Ikiruka ikarudi nzima, chumba ni chako na mimi sifungui mdomo tena. Ikishindikana, tunafunga. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Sasa mzee huyu ana utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliowalisha na kuwasomesha hao waliokaa kikao. Hagusi kipande cha pili mpaka cha kwanza kiwe kimekwisha kabisa. Kwa kila pezi alipiga mstari wa penseli kwenye bomba, akasugua msasa juu ya mstari huo tu mpaka mng'aro wa karatasi ukatoka, akapaka gundi nyeupe ya mbao, akaiacha ikauke, akapaka tena, ndipo akalibandika pezi na kulishikilia huku akihesabu hadi mia tatu. Baada ya hapo hakuligusa siku nzima. Zipo siku alikaa mezani, akaitazama mikono yake, akaona leo haitaki, akaenda zake kunywa chai. Kwa hiyo mapezi mawili yalimchukua siku tisa, lakini yalisimama utadhani yameota pale. La tatu zamu yake ilikuwa Ijumaa baada ya kliniki. Roketi ingerushwa Jumamosi alasiri.

Akafungua mlango wa chumba cha kazi, akamkuta Meneja ameketi kwenye kiti chake. Kwenye kiti chake! Roketi ilisimama mezani na mapezi yote matatu.

"Baba, nimekumalizia!" Meneja alisema, akipangusa vidole. "Dakika tano tu. Supaglu hii unagusisha mara moja, kwisha kazi."

Mzee alivaa lenzi yake jichoni, akainama. Pezi la tatu lilikuwa limelala upande, si sana, unene wa ukucha.

"Nani alikutuma?"

"Anitume nani? Nimekusaidia."

"Tulikubaliana nijenge peke yangu."

"Ndiyo, na ungeshindwa." Meneja aliyasema hayo bila ubaya wowote, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto ale. "Baba, tusidanganyane. Sasa chumba kinabaki chako. Dada hajui, na mimi simwambii. Wewe nyamaza tu."

Kulibandua pezi lile siku hiyo kungemaanisha kuanza upya, na majirani walikuwa wameshaalikwa. Hata hivyo mzee angeweza kusema. Angeweza kumpigia binti simu, urushaji ukasogezwa. Hakumpigia. Alikitaka chumba chake, akaogopa kukipoteza, akanyamaza. Mimi simtetei kwa hilo. Usiku alilala na hasira kifuani, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumamosi saa kumi walikuwa kwenye uwanja wa mpira. Majirani kama kumi hivi, binti akiwa bado na sare ya kazi, na Meneja katikati yao akieleza kwa mbwembwe jinsi injini inavyofanya kazi, mambo aliyoyasoma asubuhi ile. Mzee aliivika roketi kwenye ufito wa chuma, akaunganisha nyaya, akarudi nyuma hatua zake, akabonyeza.

Ilitoka na mlio wa kuchana kitambaa. Ilifika kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, kikang'oka kitu, kikaruka pembeni. Roketi ikageuka juu chini, ikapiga kona mbili za kilevi, ikaanguka nyasini karibu na goli. Parachuti ilichomoka baadaye, wakati hakuna tena wa kuokolewa.

Majirani wakaguna. Binti akafunika mdomo. Na Meneja, huyo Meneja, akamwekea dada yake mkono begani, akasema kwa huzuni, kila mtu akasikia:

"Tulijua tu. Mikono imechoka. Tusimlaumu, ni umri."

Mzee angeweza kusamehe pezi lililopinda. Angeweza hata kusamehe kukaliwa kiti chake. Lakini mikono yake isingiziwe kazi ya mtu mwingine, na mwenye kazi yuko hapohapo, anasikitika!

Aliingia nyasini akainama, akawa anapapasa. Binti alitaka kumfuata, mzee akamwashiria abaki. Alitafuta kwa dakika nyingi kwa macho yale yale waliyokuwa wakiyapima kliniki, akaliona pezi, akaenda kuiokota na roketi, akarudi navyo.

"Mama, njoo utazame," alimwambia binti. "Mapezi mawili haya. Yavute."

Binti akavuta. Hayakutikisika.

"Sasa tazama hapa pa tatu. Karatasi bado inang'aa. Msasa haujapita. Mimi napiga msasa siku ya kubandika, si kabla. Pezi hili limebandikwa na mtu asiyejua kuna msasa."

Binti akalishika pezi, akaligeuza. Lilikuwa na ukoko wa gundi mkavu, unaong'aa kama kioo. Akainua uso polepole.

"Kaka?"

Meneja akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye.

"Nilitaka kusaidia," akasema.

"Ulitaka kusaidia!" Sauti ya mzee ilitoka kali mpaka jirani mmoja akarudi nyuma. "Kwa nini basi hukusema hivyo ulipokuwa unaisema mikono yangu? Dakika moja iliyopita, mbele ya watu! Umri! Kwani umri ndio uliopaka supaglu?"

Uso wa Meneja ulishuka, akatazama viatu vyake vya ofisini.

"Na mimi nilijua," mzee akaongeza, akimgeukia binti, na hapo sauti ikapungua. "Tangu jana nilijua, nikakaa kimya. Nimekudanganya, mama."

Binti alifuta macho. "Basi, Baba. Yaishe. Chumba chukua."

"Sitaki! Si umesema iruke irudi nzima? Imeruka? Injini ya pili ipo. Jumamosi ijayo." Akamnyooshea mwanawe pezi lililong'oka. "Na wewe Alhamisi saa nne uwe mezani kwangu. Omba ruhusa kwa hao wanane wako."

Alhamisi Meneja alikuja. Mzee alimpa kigoda, si kiti.

"Mikono magotini," akamwambia. "Usiguse kitu."

Mzee akavaa lenzi. Akasugua msasa, taratibu. Akapaka gundi, wakangoja ikauke. Simu ya Meneja ililia mara tatu, mzee akamtazama mara tatu, mwishowe ikazimwa. Akapaka tena. Kisha akaliinua pezi kwa kibano, na kibano kilitetemeka hewani, kikitetemeka kweli, mpaka Meneja akanyanyua mikono bila kufikiri.

"Magotini!"

Kibano kikashuka. Kilipobaki upana wa kidole kuufikia mstari, kikatulia tuli. Pezi likakaa mahali pake, mzee akaanza kuhesabu kwa mnong'ono, na hakuna kilichocheza mpaka mia tatu.

"Sikujua kama inatulia, Baba," Meneja akasema.

"Hukuwahi kukaa ukaona. Miaka yote."

Jumamosi walikuwa watatu tu uwanjani, mzee hakutaka majirani. Alipomaliza kuunganisha nyaya, Meneja alisogea, akanyoosha mkono kwenye kibonyezo.

"Nikubonyezee, Baba?"

Mzee alimtazama tu. Mtu mzima yule, meneja wa watu wanane, akachuchumaa nyasini mwenyewe na kuweka mikono magotini. Ndipo fundi saa akabonyeza, na roketi ikapanda wima moja kwa moja, juu sana kuliko macho yake yalivyoweza kuifuata.

"Parachuti imefunguka?" aliuliza.

"Imefunguka, Baba," alijibu Meneja kutoka chini. "Inarudi nzima."